Magoli Manne Upande wa Kushoto

Kwa Bi Quilty, Merrigate, Melbourne
Jumapili, 20 Aprili 1952

Da Merle,

Nimecheza! Nimecheza, dada yangu, tena kikosi cha kwanza! Leo mwili mzima unaniuma, kuanzia ukosi hadi vidole vya miguu, na natamani kesho iwe Jumamosi tena.

Alhamisi jioni tulikusanyika mbele ya ubao wa majina. Langu nililitafuta chini, kwenye akiba, sikuliona. Nikaanza kuondoka. Ossie Breheny, beki wa pembeni, akanichapa kofi la mgongo: "Tazama juu, mkulima!" Nikatazama. L. Trewin, beki wa mwisho, mbele ya milingoti minne ya goli. Kocha wetu, Bwana Orchard, akapita akasema maneno matano tu: "Haddrick ni wako. Usinitie aibu."

Wewe Vern Haddrick, mshambuliaji wa Port Sorrel, unamjua kwa redio. Redio inamdhulumu. Mtu yule ni mrefu kama tangi la maji la stesheni yetu, na akikimbia unasikia ardhi inalalamika. Aliponiona alicheka. "Wamekutoa wapi wewe, zizini?" Nikamwambia ndiyo, na kondoo dume wetu wananukia kuliko yeye. Akanifunga magoli matatu, pointi sita kila moja, kabla ya mapumziko. Baada ya mapumziko, moja tu! Tumeshinda kwa pointi kumi na moja. Watu elfu thelathini, Da Merle. Mpira ukiwa hewani wote wanavuta pumzi kwa pamoja, na unaisikia ile pumzi.

Kazi wamenitafutia katika kiwanda cha ngozi. Bi Quilty, mwenye nyumba wangu, ananilazimisha kuoga uani kabla sijaketi mezani. Mwambie Baba nitarudi kwa mavuno kama nilivyoahidi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kupiga teke nyuma ya banda la kunyolea kondoo. Basi niambie ukweli: redioni nilisikika vipi?

Mdogo wako,
Lin

*

Tarrabool
24 Aprili 1952

Lin,

Ulisikika kama ng'ombe aliyeingia kanisani: kila mtu anajua yumo, hakuna anayejua anataka nini.

Lakini ile robo ya mwisho! Baba alijifanya hasikilizi, anapigilia misumari kwenye lango la kuku. Ulipomnyang'anya Haddrick ule mpira wa dakika za mwisho akajipiga nyundo kidole gumba. Ametukana kwa Kikornwall, lugha ya babu, ambayo siku zote hudai ameisahau.

Sasa nisikilize. Yale magoli matatu ulifungwa kwa sababu ulitaka kudaka. Huu ni mpira wa Australia, si wa Waingereza; kudaka ni kazi ya Haddrick. Akishaudaka, sheria inamlinda, anapiga teke lake kwa raha zake. Kazi yako ni kuharibu. Piga mpira ngumi! Uende popote, uende kwa mashabiki, uende baharini, mradi hauendi mikononi mwake. Mwaka 1943 sisi wasichana wa reli tulipocheza na jirani zetu wa Wirrenga kuchangia askari, yule mshambuliaji wao mwenye misuko alitoka bila goli hata moja, na nilikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima.

Umekula vizuri? Jibu la ndiyo au hapana, usinieleze habari za Bi Quilty.

Dada yako,
Merle

*

Merrigate
7 Juni 1953

Da Merle!

Keti chini kwanza. Umeketi? Wamenichagua timu ya jimbo zima la Victoria! Beki wa mwisho! Nimepewa jezi ya buluu iliyokolea yenye V kubwa nyeupe kifuani. Nimeivaa chumbani mbele ya kioo, Bi Quilty akafungua mlango bila kubisha, akasema, "Ee Mungu, na suruali je?"

Magazeti sasa yananiita Lango la Chuma. Ossie ananiita Lango la Kuku. Ngumi, Da Merle. Ni ngumi tu. Kila ninapoupiga nasikia sauti yako ikisema "uende baharini."

Lin

*

Merrigate
12 Julai 1954

Da Merle,

Jumamosi tumeshinda, na tukiendelea hivi mwaka huu tutafika fainali. Merrigate haijachukua ubingwa tangu kabla ya vita. Watu wananisimamisha njiani na nyama zao za buchani mkononi.

Usishtuke ukisoma gazetini kwamba nilitolewa. Ni mchubuko tu wa jicho. Tuliruka watu watano, kiwiko kikanipata, tena cha mtu wetu mwenyewe, maskini ameomba msamaha mara ishirini. Naendelea vizuri.

Lin

*

Tarrabool
9 Agosti 1954

Lin,

Nina swali moja.

Jumamosi hukucheza na Haddrick. Ulicheza na mtu wa kawaida tu, ambaye mwaka jana ungemtia mfukoni ukamsahau humo. Amekufunga manne. Nilikuwa nimekaa mezani na penseli na karatasi ya kufungia sukari, nimechora uwanja kama kawaida yangu, kila goli natia msalaba pale mtangazaji anapotaja. Misalaba yote minne iko upande mmoja. Kushoto kwako. Nikatafuta karatasi za wiki tatu zilizopita. Kushoto. Kushoto. Kushoto.

Jicho gani lilichubuka?

Merle

*

Merrigate
13 Agosti 1954

Merle,

Beki yeyote hufungwa. Mpira si hesabu za sukari. Nina kocha hapa, aliyecheza mechi mia mbili, na hajasema neno. Sihitaji kocha wa jikoni wa kunichorea misalaba.

Jicho langu ni zima.

L. Trewin

*

Merrigate
30 Agosti 1954

Da Merle,

Wiki mbili na nusu hujaniandikia. Haijapata kutokea. Nimekwenda stesheni Jumatano na Jumamosi kumuuliza mtu wa posta kama mfuko wa barua za huko kwetu Mallee umepotea. Haukupotea.

Ni la kushoto. Tangu siku ile linaona kama kupitia kioo kilichopuliziwa pumzi, mwanga upo lakini watu hawapo. Nilikwenda kwa daktari, si wa klabu, wa mbali, nikampa jina la Baba. Alinimulika na taa yake kwa muda mrefu. Akasema, "Hili limekwisha, halirudi. Acha kucheza." Nikamuuliza la kulia. "La kulia ni zima. Ukipigwa la kulia, utakuwa unatembea na fimbo." Nikamshukuru, nikatoka, na kesho yake nikaenda mazoezini.

Tumeingia nne bora. Nimeota fainali hii tangu nilipokuwa napiga teke mfuko wa manyoya uliofungwa kamba. Sijamwambia mtu. Ossie ameninunia, sijui kwa nini.

Nisamehe lile neno la jikoni. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Lin

*

Tarrabool
2 Septemba 1954

Lin, mdogo wangu,

Nimelia kwanza, kwa hiyo matusi yamepungua.

Lile neno la jikoni liliniuma kwa sababu ambayo huijui, na kosa ni langu, nilikuficha. Mwezi wa Mei, Gus Lobley, kocha wa timu yetu ya Tarrabool, alianguka kutoka kinu cha upepo akavunja nyonga. Timu ikafungwa mechi tatu. Asubuhi moja nahodha Bert Noske akaja nikiwa nakamua. Akasimama na kofia mkononi. "Bi Merle, unaona nini pale uwanjani ambacho sisi hatukioni?" Nikamwambia. Ilichukua ndoo mbili za maziwa. Jumamosi wakashinda. Tangu siku hiyo mazoezi nayaendesha mimi, nyuma ya banda letu, mbali na macho ya watu. Siku ya mechi nakaa kwenye lori la Noske kando ya uwanja, na kila robo ikiisha wachezaji wanakuja "kunywa maji" dirishani kwangu. Kamati inajifanya haioni. Tumeshinda kumi mfululizo, Lin! Jumamosi ijayo tuna fainali na Wirrenga! Nilinyamaza kwa sababu niliogopa utacheka.

Sasa habari yako. Uamuzi wa kucheza au kutocheza ni wako, wewe ni mtu mzima. Lakini kuficha si kwako peke yako. Wenzako kumi na saba wanadhani kushoto kwako kuna mtu, na hakuna mtu. Mwambie Bwana Orchard. Mwambie Ossie. Una siku saba. Zikipita, nitamwandikia kocha wako mimi mwenyewe, na unajua mwandiko wangu unasomeka.

Merle

*

Merrigate
9 Septemba 1954

Da Merle,

Nimesema. Siku ya saba, saa ya mwisho, lakini nimesema.

Bwana Orchard alikuwa anafunga kamba za viatu. "Tangu lini?" Tangu Julai. "Mechi zote hizi nimemweka kipofu golini." Nusu kipofu, bwana. "Usinichekeshe, Trewin, nina hasira." Akafungua kamba, akafunga tena. Kisha akaniambia nusu fainali nitaiangalia jukwaani, na nikileta ubishi nitaiangalia kutoka Tarrabool. Tukifika fainali nitakuwa akiba, na nitaingia tu iwapo nyumba inaungua.

Ossie naye! Nilipomweleza alipiga kelele. "Kumbe! Wiki nane nakuita kutoka kushoto na hugeuki. Nilidhani umeanza maringo kwa sababu ya ile jezi ya V!" Akanikumbatia katikati ya bafu, sabuni na vyote.

Halafu wewe! Kocha! Bi Merle wa dirisha la lori! Nimecheka, ndiyo, lakini si kama ulivyoogopa. Nimecheka hadi Bi Quilty akaja kuuliza nani amekufa. Wapige hao Wirrenga!

Lin

*

Tarrabool
12 Septemba 1954

Lin,

Tumeshindwa kwa pointi tatu. Noske aligonga mlingoti kengele ikilia. Sina zaidi ya kusema juu yake leo.

Kama nyumba itaungua na utaingia: Ossie awe kushoto kwako kila wakati, hata kama mtu wake anamkimbia. Awe macho, wewe uwe ngumi. Na akuite kwa maneno mafupi, mkubaliane nayo sasa, si siku ile. Baba anasema ukiona giza toka uwanjani, hakuna atakayekuita mwoga nyumbani kwake.

Merle

*

Merrigate
Jumapili, 26 Septemba 1954

Da Merle, Da Merle, Da Merle!

Telegramu mmeipata, redio mmeisikia, lakini lazima nikuandikie, la sivyo nitapasuka.

Nusu ya kwanza ya fainali nilikaa kwenye benchi nimevaa koti. Mvulana aliyewekwa mahali pangu ana moyo, lakini ilikuwa siku ya Haddrick na Port Sorrel yake. Magoli matano kabla ya mapumziko! Tuko nyuma pointi kumi na tisa. Tuko chumba cha kubadilishia nguo. Bwana Orchard akazunguka mara mbili, akasimama mbele yangu, akasema, "Inaungua." Nikavua koti.

Haddrick alinipokea kwa mkono wazi kama mwenye nyumba. "Karibu, zizi! Huyu mtoto wenu nimemla nikashiba. Sasa nataka kitu cha kutafuna." Ossie yuko kushoto kwangu, karibu hata nasikia anavyohema. Mpira wa kwanza ukaja. "Sasa!" akapiga kelele. Nikaruka, nikaupiga bila kuuona, ukaruka hadi kwa mashabiki. Wa pili, "Nyuma!" Nikarudi hatua mbili, nikaupiga. Wa tatu, wa nne! Robo ya tatu nzima Haddrick hakugusa kitu. Akamgeukia Ossie. "Wewe mbona unapayuka kama mnadi wa kondoo?" Ossie akamjibu, "Nampenda sana huyu, siwezi kuficha."

Lakini yule si mjinga. Mwanzo wa robo ya nne aliniangalia usoni kwa muda, akahamia kushoto kwangu, akabaki huko. Amejua. Nitamheshimu maisha yangu yote kwa sababu hakunyoosha kiwiko hata mara moja kuelekea lile lililobaki, na nafasi alikuwa nazo kumi.

Tukawakaribia, tukawapita. Dakika moja imebaki, tunaongoza kwa pointi mbili. Watu elfu themanini wamesimama. Mpira mrefu unakuja kwetu, juu kabisa, na Ossie ananiita, naona mdomo wake unafunguka nilipogeuka, na sisikii kitu! Kelele zimemmeza! Hapo, Da Merle, nilikuwa peke yangu kuliko nilivyowahi kuwa. Nikaacha kumtafuta Haddrick. Nikageuza mwili wote, kifua kwa mpira, jicho langu moja likautafuta angani kama mtu anayetafuta kondoo mmoja mlima mzima. Nikarudi nyuma hadi mgongo wangu ukakutana na kifua chake. Alipovuta pumzi ili aruke, niliisikia mgongoni. Nikaruka nayo.

Ngumi iliupata kwa vifundo viwili tu. Ukapinda, ukagonga ardhi, ukaviringika nje ya mlingoti mrefu, ndani ya ule mfupi. Pointi moja kwao badala ya sita. Kengele. Moja! Tumeshinda kwa pointi MOJA!

Haddrick aliniinua kutoka chini. "Lipi?" akauliza. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akanipangusa matope usoni kwa kiganja chake, upande ule mzima kwanza, akaenda zake.

Bwana Orchard nimemwambia leo asubuhi: sichezi tena. Nina miaka ishirini na mitano, nina jicho moja na medali moja, na sina huzuni. Ajabu, eh? Nimeitafuta huzuni tangu alfajiri.

Lin wenu

*

Tarrabool
14 Oktoba 1954

Mpendwa Lindsay,

Nyumbani wote wazima. Ngano imesimama vizuri, mvua ilikuja kwa wakati.

Bila shaka umeshapata barua ya kamati kukuomba uwe kocha wa Tarrabool kuanzia msimu ujao. Ni jambo jema. Mji mzima umefurahi, na Bwana Pfitzner, mwenyekiti, amekwishaanza kupaka rangi nyumba watakayokupa karibu na benki. Wanasema timu ilikosa mkono wa mwanamume katika fainali. Huenda ni kweli.

Nina daftari la wachezaji, nani anapiga teke kwa mguu gani, nani hukata tamaa akifungwa mapema. Nitakuachia mezani.

Wako,
Merle Trewin

*

Merrigate
18 Oktoba 1954

Da Merle,

"Mpendwa Lindsay"! Barua hiyo imenitisha kuliko Haddrick. Hujaniita Lindsay tangu nilipovunja dirisha la padri. Nimeisoma mara nne. Hakuna tusi hata moja. Nilijua una jeraha, na nililiona bila kuchora misalaba.

Nimewajibu. Nakala hii hapa, neno kwa neno:

"Kwa Bwana Pfitzner na Kamati. Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Nasikitika siwezi kuchukua kazi ambayo ina mwenyewe. Timu yenu ilikuwa ya saba mwezi Mei, na Septemba ilifika fainali, na aliyeifikisha alikuwa amekaa kwenye lori kwa sababu ninyi hamkumpa kiti. Kila nilichokijua nilipokuwa Merrigate nilifundishwa naye. Hata siku ya fainali, aliyenizuia kuwadanganya wenzangu ni yeye. Mkimpa kazi kwa jina lake, ubaoni, mbele ya watu, nitakuja kuwafundisha mabeki chini yake, bure, na nitampigia saluti. Msipompa, nitanunua jezi ya Wirrenga. L. Trewin."

Hiyo ya Wirrenga Ossie alinisihi niifute. Nimeiacha.

Lin

*

Tarrabool
1 Novemba 1954

Wewe Lin, mwendawazimu,

Jezi ya Wirrenga! Baba amekaa kimya siku mbili kwa sababu ya sentensi hiyo.

Sasa nisikilize. Ijumaa kamati ilikutana ukumbini saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka. Sikualikwa. Nilikuwa jikoni mwa ukumbi na akina mama wengine, napaka siagi kwenye skonzi, na mlango ulikuwa wazi. Bwana Pfitzner akasoma barua yako kwa sauti yake ya mazishi. Alipofika kwenye lori akasita, akakohoa, akasoma. Mmoja akasema, "Mwanamke kocha, wilaya nzima itatucheka." Mwingine akasema, "Wirrenga hawakucheka Septemba, walitoka jasho."

Ndipo mlango wa mbele ukafunguka, akaingia Bert Noske na viatu vya shamba, nyuma yake timu yote. Wote! Wengine wana mafuta ya trekta hadi kwenye viwiko. Bwana Pfitzner akasema, "Noske, hiki ni kikao." Noske akavua kofia. "Ndiyo, bwana. Tumekuja kunywa maji."

Nilidondosha kisu, Lin. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama na siagi yangu mkononi. Bwana Pfitzner akaondoa miwani, akaniita niingie. Akaniuliza swali moja, mbele ya watu wote: "Bi Trewin, tulishindwa kwa pointi tatu. Kwa nini?"

Ningeweza kumlaumu Noske na ule mlingoti. Nikasema, "Kwa sababu robo ya tatu nilipaswa kumbadilisha beki wa kulia, na nilichelewa. Kutoka kwenye lori sikumwona anachechemea. Ningekuwa kwenye benchi, ningemwona."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Saba kwa nne. Katibu alitaka kuandika "msaidizi," Bwana Pfitzner akamnyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, maili tatu, skonzi nimezisahau. Nilianza kwa kutembea. Nilipopita daraja nikajikuta nakimbia, mimi, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, na gauni la kanisani, napiga kelele barabarani peke yangu, kondoo wote wa jirani yetu Heinrich wanakimbilia uzioni. Baba aliniona kwa mbali akadhani kuna moto. Alikuja na ndoo.

Mavuno yanaanza wiki ya pili ya Desemba. Njoo na treni ya Alhamisi, mapema uwezavyo. Nina vijana watatu wanaotaka kuwa mabeki na wote wanang'ang'ania kudaka.

Merle Trewin,
Kocha